Kopo la Diski Zilizokufa

Aliyeweza kupita kwenye ule mstari wa vibanda vya mafundi bila kusikia maoni ya Bisibisi, basi huyo alikuwa kiziwi. Kibanda chake kilikuwa cha pili kutoka kona, katikati ya Mama Fotokopi na gereji ya shemeji yake, na mdomo wake ulitosha vibanda vyote.

Hakusomea ufundi popote. Kompyuta alijifunza kwa kuvunja na kuunga, kwa kuungua vidole, kwa kusoma maandishi madogo yaliyoandikwa migongoni mwa vyombo. Kwa hiyo wenye vyeti hakuwapenda, na haki alikuwa nayo kiasi chake. Miaka kumi na minne iliyopita ililetwa shehena ya kompyuta za hisani kwa ajili ya shule. Zikapokelewa kwa picha na hotuba, utepe ukakatwa, wakubwa wakala, wakaondoka. Wiki iliyofuata akaitwa Bisibisi aziwashe. Kati ya thelathini ziliwaka nne. Zilizobaki zilikuwa maiti, zimesafirishwa kuja kuzikwa kwa watu waliofundishwa kushukuru kabla ya kuuliza. Aliambiwa anyamaze. Hakunyamaza, na hakuitwa tena. Tangu siku hiyo akajipa kazi ya pili isiyo na mshahara: kuwasema wakubwa, kwa sauti, kila siku, jua likiwaka.

Ukimpelekea laptopu nzito kufunguka, alikwambia laptopu haina kosa. "Wenye kosa ni hao wanaoigandisha kumbukumbu kwenye ubao makusudi, usiweze kuongeza wala kupunguza. Ikifa, ununue nzima. Huo ni ufundi au ni utekaji?" Ukimtajia gari la umeme, alicheka kwanza. "Sawa, la umeme. Umeme ukikatika, utalisukuma ukalichomeke wapi, kwa mkweo?" Na roketi ndiyo usiombe. Hapo povu lilimtoka. "Chini wamekwisha kupachafua, sasa wanatafuta pa kuhamia. Siku wakihama, mimi na wewe tutaachiwa ufunguo wa choo!"

Watu walicheka, wakarudi kesho kusikia zaidi. Na hapo ndipo penye hatari ya mtu kama huyu. Ukisema kweli mara tisa kwa sauti kubwa, mara ya kumi hakuna anayekukagua.

Shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, aliitwa Mtungi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufunga mitungi ya gesi kwenye magari ili yaachane na petroli. Mtu mfupi, mpole, anayecheka kwa tumbo. Mabishano yao yalikuwa kama chai ya asubuhi. Bila hayo mtaa haukuamka.

"Shemeji," Bisibisi alikuwa akianza, "leo umemfungia nani bomu?"

"Nimemfungia mtu mwenye akili, anayejua kupiga hesabu ya safari zake."

"Unaweka jiko kwenye buti, halafu unamkalisha mama mkwe juu yake!"

"Mama mkwe wangu ni mama yako, shemeji. Mbona hajalipuka? Kila Jumapili nampeleka na kumrudisha mzima."

Hapo hata Mama Fotokopi aliacha mashine yake inakula karatasi, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Juu ya meza ya Bisibisi palikuwa na makopo mawili ya rangi yaliyosafishwa. La kushoto liliitwa wodini, na humo zilikaa diski za wateja zinazosubiri kutibiwa au kunakiliwa. La kulia liliitwa makaburini, na humo zilitupwa diski zilizokwisha kufa. Akipata nafasi alizifungua hizo za makaburini, moja moja, akatoa sumaku zilizomo ndani na zile sahani zake zinazong'aa kama kioo. Vitu hivyo alimpa Mtungi bure. Sumaku Mtungi alizitumia kunasa unga wa chuma pale anapotoboa mwili wa gari. Sahani aliigandisha kwenye kijiti, akaiingiza nyuma ya mtungi kutazama kama sabuni aliyopaka inatoa mapovu, maana hapo ndipo gesi inapovuja. Pamoja na kubishana kwao kote, hivyo ndivyo walivyoshikana mikono kazini.

Sasa, palikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa fizikia, aliyewafundisha wote wawili. Watu walimwita Mwalimu tu, kana kwamba hakukuwa na mwingine. Kwa miaka kumi na tisa mzee huyu alikuwa akipanda kwenye paa la nyumba yake jua linapozama, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama satelaiti zikipita. Kila aliyoiona aliiandika: tarehe, saa, imetokea upande gani, iling'aa kiasi gani. Madaftari ya mwanzo yalipoanza kuliwa na mchwa, aliyahamishia yote kwenye kompyuta, neno kwa neno, kwa vidole viwili, na mchwa wakamalizia karatasi. Sasa macho yalikuwa yanafunga. Daktari alikwisha sema wazi kwamba mwaka hauishi. Binti yake, aliyekuwa nesi, akaamua kazi ile inakiliwe kwenye diski mpya na kuchapwa kwa herufi kubwa, baba yake aisome kabla giza halijakamilika.

Mtungi ndiye aliyejitolea kuibeba kompyuta. Alikaa mtaa mmoja na Mwalimu, na ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki kila mwezi kwa gari lake la gesi. Akaifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga, akaiweka siti ya mbele, akaikazia mkanda.

"Shemeji, mgonjwa wako huyu hapa," alisema. "Mwalimu anasema umshike kwa mikono miwili."

"Mwambie amefika hospitali ya rufaa," alijibu Bisibisi.

Aliifungua siku iyo hiyo. Diski ilikuwa ya zamani lakini nzima; aliisikia ikizunguka vizuri. Akaitoa, akaiweka juu ya meza, akanyoosha mkono kuchukua waya wa kunakilia. Na hapo hapo Mama Fotokopi akaingia mbio na simu mkononi.

"Bisibisi, njoo uone! Roketi imepasuka hukohuko juu! Na wenyewe wanapiga makofi!"

Angefanya nini mtu kama yule? Kumpa habari ile ilikuwa sawa na kummwagia petroli. Watu sita wakajaa mlangoni. Dereva wa teksi akasema si vibaya, majaribio ndiyo elimu. Bisibisi akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Majaribio! Mimi nikiunguza kompyuta ya mteja nikapiga makofi, utaniita mwanasayansi? Wakati wao wanachezea fataki, sisi watoto wetu wanasoma kwa kompyuta maiti. Anga! Anga inatuhusu nini sisi? Nani hapa amekwenda? Nani hapa ametumwa?"

Alipokuwa anasema mikono yake haikukaa bure. Haikuwahi kukaa bure. Kulikuwa na diski tatu makaburini, akazifungua moja baada ya nyingine huku mdomo uko mwezini. Skrubu, kifuniko, sumaku, sahani. Skrubu, kifuniko, sumaku, sahani. Alikuwa ameshika sumaku za diski ya nne ndipo alipokumbuka kwamba diski za makaburini zilikuwa tatu.

Akatazama chini. Kwenye kifuniko alichokwisha kukitupa palikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi, na juu yake mwandiko wa Mwalimu, ule ule uliowahi kuandika "Jitahidi" kwenye ripoti yake: *Mapito ya angani. Tafadhali usifute.*

Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuzishika zile sahani, zote mbili. Mtu asiye fundi angesema zirudishwe tu. Bisibisi alijua. Chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu diski iliyofunguliwa. Yeye alikuwa ameacha alama za vidole vitano vyenye grisi. Pale pale mdomo wake, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, ukakauka.

"Endelea basi," alisema dereva wa teksi. "Umeishiwa?"

"Nina kazi," alisema. "Nendeni."

Walipotawanyika alikaa akiitazama meza. Hata hakumwona Mtungi alipoingia kama ilivyokuwa desturi yake, akachota sumaku na sahani kwenye trei, akasema, "Leo mavuno ni mazuri, shemeji," akatoka. Akili ilipomrudia, mwenzake alikuwa ameshaingia chini ya gari.

Nesi alifika saa tisa alasiri, bado na sare ya kazini. Aliuliza swali moja tu: imekwisha? Na hapa ndipo panaponikera kila nikikikumbuka kisa hiki, maana nafasi ilikuwapo, pana kama mlango wa godauni. Angesema, "Nimekosea." Neno moja. Mtu aliyekataa kunyamazia kompyuta maiti za wakubwa, aliyepoteza kazi kwa kusema kweli mbele ya wenye tai, alisimama mbele ya binti wa mwalimu wake akatafuta mahali pa kulitupa kosa. Na mahali palipokuwa karibu palikuwa palepale alipokuwa akipatukana kila siku kwa mzaha.

"Dada, diski imefika imekufa," alisema. "Ililetwa na gari gani?"

"La Mtungi. Kwani vipi?"

Akatikisa kichwa, kama daktari. "Ndiyo hayo ninayosema kila siku. Mifumo ile ya gesi ina mtetemo wake, ina vali za sumaku. Chombo laini kama diski, ukikisafirisha karibu na vile vitu..." Hakumaliza sentensi. Aliiacha ijimalizie yenyewe.

Nesi hakulia. Alifunga vifungo vya sweta yake, akasema, "Baba nitamwambia nini?" akaondoka. Mama Fotokopi, ambaye masikio yake yalikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, alikuwa ameshasikia yote.

Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba gari la gesi linaua kompyuta. Keshokutwa ikaongezwa chumvi: linaua na simu. Yule wa studio ya picha, aliyekuwa ameweka ahadi ya kufungiwa mtungi, akatuma ujumbe kwamba anaahirisha. Dereva wa teksi naye akaahirisha. Mwenye gari la kubebea mitihani ya shule akasema hapana kabisa. "Bisibisi amesema," ndivyo watu walivyosema, na hilo lilimaliza maneno, maana Bisibisi tangu lini akasema jambo asilolijua?

Alingoja Mtungi aje na hasira. Alijiandaa kabisa, alijua hata atakavyofoka. Mtu akija juu, nawe unakuja juu, mambo yanachafuka, na katika kuchafuka huko kweli inapotea. Lakini Mtungi alikuja taratibu, akasimama mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa.

"Shemeji," alisema, "mimi kompyuta sijui. Wewe ndiye unayejua. Ni kweli nimeiua mimi?"

Bisibisi alijifanya anatafuta skrubu chini ya meza. "Inawezekana," alisema kutoka huko chini.

"Nilifunga na mkanda."

"Mkanda hauzuii sumaku."

Mtungi akaitikia kwa kichwa. "Miaka kumi na tisa ya mtu mzima," alisema. "Nami nilikuwa naimba njiani." Akarudi gereji kwake, na mtaa haukusikia mabishano siku ile wala wiki ile.

Tokea hapo Bisibisi hakukaa kwa raha. Alilehemu waya akalehemu na kidole. Kupitia upenyo wa ukuta aliona gereji ya shemeji yake, gari moja tu la mwisho, na miguu ya Mtungi imejitokeza chini yake. Mchana mmoja akamwona ameshika kile kijiti chenye sahani ya kung'aa, anakizungusha nyuma ya mtungi kutazama mapovu ya sabuni. Akaitambua. Sahani za diski zinafanana, lakini ile ilikuwa na mikwaruzo mitatu karibu na tundu, aliyoifanya yeye kwa ncha ya bisibisi siku ile mkono ulipomteleza. Miaka kumi na tisa ya Mwalimu ilikuwa mkononi mwa mtu aliyesingiziwa kuiua, naye akiitumia kuhakikisha gari la mtu mwingine halivuji. Bisibisi akarudi nyuma kutoka ukutani kama aliyepigwa.

Alitaka kuiiba. Asubuhi moja aliingia gereji mapema kabla mwenyewe hajaja, akakishika kile kijiti, akakiweka tena. Angekipeleka wapi? Kukifukia? Alijiona kama wale wale, waliokuwa wakileta maiti na kuzifunika utepe.

Dada yake akamjia siku ya nane. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Kaka, mume wangu amenitoka."

"Amekwenda wapi?"

"Yupo, lakini ameondoka. Akitoka gereji haji nyumbani, anakwenda kwa Mwalimu. Amenunua daftari kubwa. Mzee anakumbuka, yeye anaandika. Mwandiko wenyewe unaujua, kama kuku aliyekanyaga wino. Saa mbili nzima anaandika, anarudi na vidole vimekakamaa. Anasema ni haki yake kulipa kwa mkono." Akamtazama kaka yake machoni. "Na sasa anasema anaacha gesi. Kesho kutwa anaing'oa hata ya gari letu. Tutakula nini, kaka? Wewe ndiye mwenye kujua. Niambie mimi, mdogo wako wa tumbo moja: kweli ni gesi?"

Bisibisi akaanza kupanga skrubu mezani.

"Nitazungumza naye," alisema.

"Sikukuuliza kama utazungumza naye," alisema dada, akaondoka.

Jioni ile, jua bado liko juu ya mabati, Mtungi akaja mwenyewe. Alikuwa amevaa shati safi.

"Shemeji, nisindikize kwa Mwalimu. Nataka kumwomba radhi kiungwana, mbele ya mtu mzima wa upande wa mke wangu. Nimekuwa nikiandika tu, lakini neno lenyewe sijalitamka. Kisha nimwambie kwamba kazi hii nimeiacha, asije mtu mwingine akaumia kama yeye."

"Leo?"

"Leo. Usiponisindikiza wewe, nani?"

Basi wakaenda, kwa miguu, maana Mtungi hakutaka tena kulifikisha gari lile mlangoni kwa Mwalimu. Njia nzima Bisibisi alikuwa anatafuta sababu ya kurudi: simu, tumbo, mteja. Zote alizipata, na zote zilimfia mdomoni.

Mwalimu alikuwa sebuleni, karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye mwanga ingawa hakuwa na cha kuona. Nesi alikuwa anapanga vidonge vya baba yake kwenye kikombe. Aliitikia salamu ya Bisibisi. Ya Mtungi aliipokea kwa pua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti hii si ya yule wa roketi? Karibu. Mbona leo unaongea kama umekuja msibani?"

Mtungi hakusubiri. Alipiga goti kwenye sakafu ya saruji, mtu mzima na suruali yake safi, akasema, "Mwalimu, nilikabidhiwa kazi yako nikiwa na akili zangu, nikaiua kwa ujinga. Sikujua, lakini kutojua kwangu hakukurudishii kitu. Naomba radhi. Na kuanzia kesho kutwa mimi na gesi basi."

"Inuka," alisema Mwalimu. "Inuka, mwanangu, goti lenyewe nasikia linalia. Nani amekwambia ninataka uache kazi? Zile namba si kitu. Vile vyombo vina wenyewe, wanavijua vimepita saa ngapi na wapi kuliko mimi. Mimi nilikuwa naandika kwa sababu vinapita juu ya bati langu bila kubisha hodi, na nikasema walau ijulikane kwamba kuna mtu chini aliyeviona. Kilichokuwa changu ni safu ya tano. Safu ya tano niliandika nani alikuwa amekaa nami. Mama yake huyu binti yangu alikuwa akipanda na shuka lake, anasema mimi sioni kitu huko, nimekuja kukaa tu. Kila aliposema jambo, nililiandika. Hayo ndiyo ninayojaribu kuyakumbuka na huyu Mtungi, na mengi hayaji."

Nesi aliacha kupanga vidonge.

Bisibisi alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika fremu. Alisikia sauti ikitoka, ndogo, isiyo yake.

"Haikufa kwenye gari."

"Unasemaje?" aliuliza Mtungi, bado goti moja liko chini.

"Ilifika nzima. Niliiwasha, ikazunguka vizuri. Niliifungua mimi, kwa mikono yangu. Niliitoa sumaku nikidhani ni ya makaburini. Gesi haikuhusika, shemeji. Gesi haiui diski. Nilijua siku ile ile, na nilijua nilipomwambia Nesi, na nilijua uliponiuliza nikiwa chini ya meza. Ile sahani unayotazamia mitungi ndiyo yenyewe."

Nje mtu alikuwa anagonga ndoo iliyobonyea kuinyoosha, ngo, ngo, ngo, kisha akaacha.

"Wakati unaifungua," alisema Mwalimu taratibu, "ulikuwa unasema nini?"

"Lini, Mwalimu?"

"Mikono ikifungua. Wewe hufungui kitu kimyakimya, nakujua tangu una kaptula. Ulikuwa unasema nini?"

Kama angeulizwa jingine lolote! "Nilikuwa nasema habari za roketi," alijibu. "Nilikuwa nawaambia watu kwamba anga haituhusu."

Mzee akageuza uso wake ukutani, mbali na mwanga. Nesi akamwekea mkono begani.

"Mimi ulinifanya nimnunie mtu huyu," Nesi alisema, na sasa ndipo sauti yake ilipokatika. "Mwezi huu nimempeleka baba kliniki kwa kupanda na kushuka magari mawili, eti nisimpandishe kwenye gari la gesi. Na huyu alikuwa anatufuata nyuma kwa miguu mpaka kituoni, kabeba mkoba wa baba."

"Dada, nisamehe."

"Usiniite dada."

Mwalimu akageuka. "Kukusamehe au kutokukusamehe ni jambo langu, na leo sina haraka nalo," alisema. "Lakini huyu hukumsemea hapa sebuleni. Ulimsemea barabarani. Nenda ukamsafishe hukohuko, kwa sauti ile ile. Wewe sauti unayo. Isiwe ndogo kama hiyo uliyokuja nayo."

Bisibisi alimtazama shemeji yake. Alikuwa tayari kwa kofi. Kofi angelipokea kwa mikono miwili. Mtungi aliinuka, akakung'uta goti, akavuta kiti karibu na kile cha Mwalimu. Akafungua daftari, akailamba ncha ya kalamu.

"Tuliishia wapi, Mwalimu?" aliuliza. "Siku ile ya mawingu, mama aliposema shuka limelowa."

Hakumtazama Bisibisi hata kwa nukta moja. Bisibisi alikaa pale mlangoni kitambo, kisha akajua kwamba hakuna atakayemwambia aondoke wala abaki, akavaa viatu vyake.

Asubuhi, saa mbili na nusu, mafundi wote walipokwisha kufungua, alitoka nje ya kibanda. Alisimama katikati ya njia alipozoea kusimama. Watu wakasogea wenyewe, wakidhani leo ni zamu ya kodi au betri.

Akasema yote. Hakupunguza. Alisema diski ilifika nzima, akasema nani aliifungua, akasema alivyomsingizia shemeji yake mbele ya Nesi na alivyoacha uvumi utembee akiwa anausikia kila hatua. Alisema kwa sauti ile ile ya roketi, mpaka ng'ambo ya barabara wakasimama. "Gesi ya Mtungi haijaua kitu cha mtu yeyote!" alimaliza. "Mwongo ni mimi!"

Mtungi alikuwa chini ya gari lake. Hakutoka. Spana yake iliacha kugonga, ndiyo tu.

Watu walitazamana. Mama Fotokopi akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Halafu dereva wa teksi akacheka kidogo, akampiga Bisibisi begani kwa upole, kama unavyompiga aliyefiwa.

"Tunaelewa, Bisibisi. Ni shemeji yako. Dada yako analia njaa, wewe ufanyeje? Hata mimi ningesema hivyo hivyo."

"Sisemi kwa sababu ya dada. Nasema ndivyo ilivyo!"

"Sawa, sawa. Lakini wewe kompyuta hujawahi kukosea, tunakujua. Mimi gesi siweki." Akaingia kwenye teksi yake, akawasha. Wengine nao wakaanza kurudi vibandani, na Bisibisi aliwaona nyusoni kwamba wamekwisha kuamua, kwamba ile ya kwanza wameipenda zaidi, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuipenda kwa miaka miwili mizima ya mzaha.

Teksi ikaanza kusogea. Akaikimbilia, akashika kioo kilichokuwa nusu kimeshuka, akawa anatembea pembeni yake.

"Ngoja. Dereva, ngoja kwanza. Sikiliza. Siku ile ulikuwapo mlangoni kwangu, ulisema majaribio ndiyo elimu, nami mkononi nilikuwa na diski. Ulinitazama mikono? Hebu kumbuka. Diski zilikuwa tatu..."